Nani Alipe Pistoni?

Ndugu msomaji, huenda utashangaa kuona msumeno umeingia katika kurasa hizi ambazo tumezoea kujadili mapenzi, rushwa na maisha ya kijana aliyemaliza shule bila kazi. Naomba uvumilivu wako. Swali ninalolileta mbele yako ni la zamani kuliko misumeno yote ya injini duniani. Je, mtu anawajibika kwa kosa ambalo hakuna aliyemwona akilitenda, na ambalo madhara yake yanakuja kutokea mikononi mwa mtu mwingine? Wanafalsafa wameliuliza kwa maneno makubwa. Huku kwetu Kimuli mimi nimeliona ndani ya kidumu cha lita tano chenye petroli.

Ninaouzungumzia ni msumeno wa mnyororo, ambao wapasua mbao wenyewe wanauita chenso. Kimuli iko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na mipakani mwa mashamba watu wamepanda mikaratusi na migrivea. Nyumba inahitaji kenchi, shule inahitaji madawati, na mtu akifa jeneza linahitajika leo hii na sio kesho. Zamani gogo lilipasuliwa na watu wawili, mmoja juu na mwingine shimoni, wakivutana msumeno kutwa nzima. Siku hizi chenso moja inafanya kazi hiyo. Lakini sio kila mtu anayo. Nyingi ni kuukuu, zimepita mikono mingi, na mwenye nayo huikodisha kwa siku. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

Kwanza tuelewane kuhusu oili. Injini ya gari, na ya pikipiki nyingi za bodaboda, ina oili yake inayokaa chini na kuzunguka humo humo. Petroli ina njia yake, oili ina yake. Injini ya chenso haina nafasi ya kuweka oili. Ni injini ya mapigo mawili, ndugu yake na zile injini za boti za wavuvi wengi wa Ziwa Victoria. Oili yake inachanganywa ndani ya petroli yenyewe. Mchanganyiko huo unapita kwanza kwenye chumba cha krenki, unalainisha beringi, ringi na pistoni, halafu ndipo unapanda kwenye silinda kuungua. Kwa hiyo kila tone la oili ambalo chenso italipata ni lile ulilotia kwenye kidumu kwa mkono wako.

Kipimo huandikwa 50 kwa 1 au 25 kwa 1. Hamsini kwa moja maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa kidumu cha lita tano. Ishirini na tano kwa moja ni mara mbili yake, mililita 40 kwa lita, au 200 kwa kidumu kizima. Hamsini kwa moja ni kwa mashine inayoruhusu na kwa oili nzuri ya mapigo mawili, ile ambayo kopo lake limeandikwa 2T. Chenso nyingi za zamani ziliandikiwa 25 kwa 1, na hata kwa oili ya leo, kama huna uhakika na ubora wake, kipimo hicho ndicho cha salama zaidi. Hesabu hii haihitaji digrii. Anayetaka kupima sawasawa ananunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa za mifugo, anavuta mara tano au mara kumi, anafunga kidumu, anatikisa. Basi.

Sasa angalia tabia ya kosa hili. Ukitia petroli tupu kabisa, injini inaweza kukwama ndani ya dakika chache, na mkosaji anajulikana pale pale. Lakini ukipunguza oili tu, tuseme ukatia nusu ya inayotakiwa, chenso inawaka vizuri. Moshi unapungua, na wewe unajiona fundi. Ndani, pistoni inaanza kusuguana na silinda kidogo kidogo. Leo haisemi. Kesho haisemi. Siku itakaposema, pengine wewe umesharudi kwenu unakunywa rubisi.

Nitoe mfano mmoja. Majina nayaacha, kwa sababu wahusika ni majirani na bado tunasalimiana.

Kuna mama mmoja mjane. Mumewe alimwachia shamba la migomba, watoto, na chenso kuukuu yenye mlio mzito. Mama yule hajawahi kuvuta kamba yake hata siku moja. Anaikodisha. Masharti yake ni yale ya kila mahali: analipwa kwa siku, na petroli na oili ni juu ya mkodishaji. Ukiyatazama masharti hayo utaona yana tundu. Anayepunguza oili faida inabaki mfukoni mwake jioni ile ile, na hasara inalala ndani ya mali ya mwenzake.

Katika majuma mawili ilipita kwa vijana wanne. Wa kwanza alipima. Wa pili alitia oili ya bodaboda kwa kukadiria, akasema rangi imekolea inatosha. Oili ya bodaboda imetengenezwa kukaa ndani ya injini, haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli. Wa tatu alitia kidogo mno, kisha akafanya jambo la pili. Kwenye kabureta kuna skrubu ya H, ile inayopimia petroli injini inapokimbia kwa nguvu zote. Akaikaza kwa bisibisi ili chenso ilie kwa sauti kali, vijana wanaopita njiani wageuke. Chenso iliyorekebishwa vizuri, ukiibana mpaka mwisho nje ya mti, mlio wake una mkwaruzo kidogo, kama mtu mwenye kohozi, na ikishaingia kwenye mti ndipo sauti inanyooka. Ile inayopiga kelele nyembamba na safi nje ya mti inakosa petroli, na kwa kuwa oili inakuja na petroli, inakosa oili pia. Na ikiwa kuukuu, sili zake za krenki zimechoka, inavuta hewa mahali pasipotakiwa, basi inazidi kukauka na kuchemka. Yule kijana alikuwa anafurahia kilio.

Wa nne alikuwa mtu wa kupima. Alisafisha chujio la hewa, alinoa mnyororo kwa tupa ya duara, kila jino idadi ile ile ya mikwaruzo, mpaka chenso ikaacha kutoa unga na kuanza kutoa chenga nene. Siku ya pili, katikati ya gogo la mkaratusi, ikakata sauti mara moja. Kamba haivutiki. Imenoki.

Fundi akaifungua. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa upande wa eksozi, ringi imeganda kwenye mfereji wake. Akasema, "Ugonjwa huu sio wa siku moja." Akaulizwa, ni wa siku gani? Akanyoosha mikono.

Mambo yakafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilikuwapo, nimekaa juu ya gogo pamoja na wengine, na maneno yale bado ninayo.

"Mwanangu," mama alisema, "nilikukabidhi ikiwa inanguruma."

"Ni kweli mama, niliipokea inanguruma. Lakini mtu anaweza kukabidhiwa mgonjwa anayetembea."

Wa pili na wa tatu waliitwa. Kila mmoja alisema kwamba aliirudisha nzima, na mama mwenyewe ni shahidi. Na kweli, mama alikuwa shahidi! Alizipokea kwa mikono yake, akawaambia ahsanteni. Mzee mmoja akamaliza kwa kusema kwamba kuku akifia mikononi mwako, wewe ndiye wa kuulizwa. Wakakata shauri: kijana wa nne alipe nusu ya pistoni na silinda, mama alipe nusu. Kijana akaenda kuchuma kahawa ya watu kwa vibarua mpaka deni likaisha. Mama akachukua fedha aliyokuwa ameweka kwa ajili ya sare za mtoto.

Hapo ndipo mimi nilipokosa usingizi, ndugu msomaji. Sio kwamba wazee walikuwa wajinga. Walikuwa na sababu: ushahidi ulikuwapo kwa mtu mmoja tu, yule aliyekutwa nayo. Lakini haki inayofuata ushahidi wa macho peke yake inamtafuta aliyesimama karibu na ajali, hata kama ajali ilianza kutengenezwa juma lililopita na mtu mwingine.

Plato, Myunani aliyeandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ana kisa cha mchungaji wa nchi ya Lydia aliyeokota pete. Akigeuza kito chake upande wa ndani ya kiganja, haonekani. Kuona hivyo, akaingia ikulu, akamtongoza malkia, akamuua mfalme, akatawala yeye. Kisa anakisimulia Glaucon, na swali lake ni hili: mwenye haki na dhalimu wakipewa pete kama hiyo, watatofautiana? Glaucon anawatetea wale wasemao kwamba hapana, kwamba tunatenda haki kwa kuogopa kuonekana tu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilidhani ni hekaya. Sasa naona kwamba kila mtu anayechanganya petroli peke yake nyuma ya nyumba ameivaa pete ile kwa dakika mbili.

Lakini wahenga wetu wa upande huu wa Ziwa walikuwa na jibu lao, na tena walilipata kwenye chuma chenyewe. Uhayani chuma kiliyeyushwa tangu takriban miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hizo katika jarida la Science, na miaka ile ya 1970 kulikuwa bado na wazee Wahaya walioweza kujenga tanuri upya na kuonyesha kazi inavyokwenda. Katika kazi hiyo kulikuwa na miiko. Myeyushaji alipaswa kukaa mbali na mkewe siku za tanuri, kwa maana tanuri lenyewe lilihesabiwa kama mke aliyebeba mimba. Mwenye kuvunja mwiko kwa siri aliaminika kuiharibu kazi ya wote.

Kijana wa leo atacheka. Atasema madini hayajui mtu amelala wapi. Sawa, hayajui. Lakini tazama walichokuwa wanafundishana: kwamba kazi ya chuma ina sehemu ambayo hakuna mtu anayeiona, na matokeo ya sehemu hiyo yanawaangukia wote. Kwa chenso jambo hili sio imani hata kidogo. Ni fizikia. Ulichokifanya sirini kimeandikwa kwenye ukuta wa silinda kwa mistari unayoweza kuigusa kwa ukucha. Kasoro ni moja tu, mistari ile haina sahihi ya mwandishi.

Sasa nisikilize pingamizi, maana najua yapo.

La kwanza ni umaskini. Oili ya 2T ni ghali, na dukani kijijini mara nyingine haipo. Petroli yenyewe mtu anainunua kwa chupa kando ya barabara. Kijana ana kazi ya siku moja, mwenye gogo anasubiri, mtoto ana homa. Je, tumlaumu kwa mililita chache? Mimi simhukumu haraka, kwa kuwa nami naishi humo humo. Lakini umaskini huu una pande mbili. Aliyeokoa oili alikuwa maskini, na aliyelipa pistoni alikuwa maskini zaidi. Tena kulikuwa na njia ya tatu: kwenda kwa mama na kusema, "Shikamoo mama, leo oili sina, naomba nipunguzie kiasi kwenye malipo ya siku ninunue, au kazi ilale mpaka kesho." Aibu ya maneno hayo ni ndogo. Tunachokiita shida mara nyingine ni kuona haya kusema tuna shida.

Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili: wakiwa na wasiwasi wanamimina oili nyingi, eti bora izidi. Chenso inatoa moshi kama tanuri la mkaa, plagi inachafuka, masizi yanaziba njia ya moshi. Huyu anaonekana mkarimu, lakini naye hakupima. Moyo mzuri usiofuata kipimo bado unamwachia mwenzako kazi ya kusafisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lilinisumbua. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe unahubiri uaminifu kwa chombo kinachomaliza misitu. Chenso ikifa, miti inapona. Aliyepunguza oili ametenda wema bila kujua." Neno hili lina ukweli ndani yake. Msumeno uliotunzwa vizuri unaangusha miti mingi zaidi kuliko uliokufa. Tena nawajua watu hodari wa kupima, mnyororo mkali, plagi safi, ambao usiku wanaingia kwenye hifadhi na kukata wasichopanda, wakati Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali. Utunzaji wa chombo haukuwafanya wema.

Hata hivyo sikubali kwamba chenso ndiyo mwenye dhambi. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Ngara na kwetu Karagwe, wakakaa mpaka Desemba 1996. Kufikia walipoondoka, vilima vya kuzunguka kambi vilikuwa vimenyolewa, na kazi hiyo ilifanywa kwa panga na shoka. Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa na sufuria na hawakuwa na kuni. Msitu ulikwisha bila injini. Mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zikawa hifadhi za taifa, na kitakachozilinda sio ubovu wa misumeno yetu.

Kwa hiyo nasema mtu mwenye chenso mkononi ana madeni mawili. Moja ni la mwenye chombo na yule atakayekishika kesho. La pili ni la mti, na watu watakaohitaji kivuli na maji ya mlima ule. Kulipa moja hakufuti jingine. Anayekata kwa wizi hatakiwi kujisifu kwa sababu plagi yake ni safi, na anayeharibu mali ya mjane asijifiche nyuma ya misitu. Tena chombo kibovu hakiokoi mti. Mnyororo butu unakwenda upande, mbao zinatoka nene huku nyembamba kule, nusu ya gogo inageuka unga na kuni, na mwenye kazi anaangusha mti mwingine kufidia. Kisha mtu aliyechoka kuusukuma msumeno butu ndiye unayemrukia usoni.

Basi tufanyeje? Kwanza, mchanganyiko ufanywe mbele ya mwenye mali, kwa bomba la sindano, na kipimo kiandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kidumu. Pili, chenso iwe na daftari lake: nani kaichukua, lini, katia oili gani, karudisha tarehe ngapi. Tatu, ikirudi, plagi ifunguliwe. Iliyo na rangi ya kahawia ni salama. Nyeupe imekaukiwa, nyeusi yenye mafuta imezidishiwa. Mama mjane haitaji kuwa fundi kuona rangi. Nne, kama itakaa mwezi bila kazi, petroli imwagwe kwenye kidumu na injini iachwe iwake mpaka izime yenyewe, kwa sababu petroli iliyolala inaacha gundi kwenye kabureta. Tano, tuache kutia oili chafu ya magari kwenye mnyororo. Ina vumbi la chuma linalokula lile bapa ambalo mnyororo unazungukia, na haifai kwa ngozi ya mtu wala kwa udongo.

Atatokea mtu aseme kwamba hapo nimemvua kijana pete badala ya kumfundisha uaminifu. Mjerumani Kant aliandika mwaka 1785 juu ya muuza duka asiyempunja mtoto kwa kuwa anataka wateja warudi. Kwake, tendo hilo ni sahihi lakini halina thamani ya maadili. Nakubali ni tofauti. Lakini mama yule hawezi kumvalisha mtoto nia njema za watu kwenda shuleni. Daftari litamlinda wakati sisi wengine tunajifunza kuwa wema. Na nani ajuaye, pengine kijana aliyezoea kupima akitazamwa, siku moja atajikuta anapima akiwa peke yake, kwa kuwa mkono wake umeshazoea.

Sasa nirudi kwenye shauri lililokatwa. Kwa maoni yangu gharama ingegawanywa kwa vijana wote wanne, na yule wa kwanza na wa nne wasingekuwa na haki ya kulalamika sana, maana hata wao walichanganya bila shahidi. Mama asingelipa kitu, kwa kuwa yeye peke yake hakugusa kidumu. Najua utaniuliza, mbona unawatoza wasio na kosa? Swali hilo limenishinda kulijibu vizuri. Ninachojua ni kwamba sare za mtoto zilinunuliwa kwa kuchelewa sana, na wale wawili tunapishana nao njiani, wanasalimia vizuri tu, na hata wao huenda hawajui kwa hakika ni nani kati yao.

Wewe msomaji ungekaa kwenye gogo lile siku ile, ungesema nani alipe?